Moshi Nyuma ya Pazia

Khaemba hakuwa mtu wa kuingia kwenye lori, kuliwasha na kuondoka hapo hapo. Aliliwasha, akashuka, akasimama kando ya tairi la mbele na kusikiliza. Madereva wenzake pale Kitale walimtania kwamba anaiombea injini, naye akaendelea kusikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzaliwa wa Tongaren, aliyeanza kwa kupakia magunia hadi akakabidhiwa usukani. Lori lenyewe lilikuwa la Mama Kibe, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani wakalima, naye akaingia kwenye biashara ya mahindi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi bila kukosana.

Msimu ule wa mavuno, sauti aliyoisikia asubuhi haikumpendeza. Injini ikiwa baridi ilitoa tik-tik-tik, kama ukucha unaogonga bati, na ikishika moto sauti ilipotea. Kwenye milima lori lilichoka upesi, na nyuma yake likaacha moshi mweusi uliowafanya wenye pikipiki wamtukane. Khaemba alijua maana yake. Tabo, ile feni ndogo ya chuma kando ya injini, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwa nguvu, nalo likizunguka huisukumia injini hewa. Moshi ukipata mwanya wa kutoroka njiani, tabo huzunguka kivivu, hewa haitoshi, dizeli haiungui sawasawa, na gari hubaki kukohoa masizi.

Alimwambia Mama Kibe, naye akaita fundi wake wa hapo Kitale. Fundi alikaza bolti za manifoldi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kichwa cha injini, akapaka gundi ya ekzosi kwenye maungio, akatangaza kwamba gari limepona. Ile tik-tik ilipungua kweli. Khaemba hakuridhika, lakini mahindi yalikuwa yanangoja, na nyumbani alikuwa na mambo mengine.

Edah, mke wake, alikuwa amejifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya Kitale. Mama yake, Nakhungu, alikuja kutoka Kanduyi kumuuguza, akawa analala kwenye kiti wodini. Khaemba alipokwenda kumwona mkewe, alikaa kwanza kwenye benchi la nje hadi mama mkwe atoke kwa mlango wa upande wa pili. Kwa desturi ya Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawasemezani ana kwa ana, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando. Siku hizi wako wengi wanaoichukulia desturi hiyo kama mchezo. Khaemba hakuwa mmoja wao. Nakhungu naye, mama wa kanisa aliyeheshimiwa Kanduyi nzima, alikuwa mkali zaidi yake.

Kisha wenye magari ya abiria wakagoma. Ilikuwa lazima Nakhungu arudi nyumbani, kwa sababu mumewe ana ugonjwa wa sukari na jirani aliyekuwa anamwangalia alikuwa anasafiri. Khaemba alikuwa na shehena ya kupeleka kwa msagaji mmoja wa Bungoma siku hiyo hiyo, na njia yake inapita Kanduyi.

"Baba Ian, utaenda na Mama," Edah alimwambia, mtoto wao Ian amelala ubavuni pake.

Khaemba alidhani amesikia vibaya. "Kwa gari moja?"

"Si kuna kitanda huko nyuma ya viti, na iko na pazia? Atalala huko. Hautamwona, na yeye hatakuona. Baba ako peke yake huko."

Alileta lori karibu na lango la hospitali, akaenda kusimama upande wa pili akitazama ukuta, huku mfanyakazi mmoja wa usafi akimsaidia mama kupanda. Aliposikia pazia limevutwa, akazunguka na kuingia.

Walitoka Kitale mchana mvua ikianza. Walikuwa hawajafika mbali, sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayezungumza na mbao na vyuma.

"Hii gari iniambie tukifika Kiminini, nipigie mzee simu."

Khaemba alitabasamu peke yake. Hiyo ilikuwa njia, na haikuvunja lolote. "Gari imesikia," alisema akitazama barabara.

Walipofika Kiminini, gari likasema wamefika. Nakhungu akampigia mumewe, akamweleza habari za mjukuu, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mbele kidogo wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Khaemba alijua mama hajalala vizuri tangu aje Kitale, akafurahi kwamba usingizi umempata.

Mvua ilizidi. Alifunga madirisha yote mawili, na vioo vikaanza kujaa ukungu. Kichwa kilimuuma. Naye alikuwa hajalala vizuri siku hizo, kwa hiyo hakujiuliza sana. Alifuta kioo kwa mkono, akaendelea. Kwenye mteremko wa kushukia daraja la Kamukuywa alitafuta gia akaikosa, akatafuta tena. Pikipiki ilitokea mbele yake, akaiona ikiwa karibu mno. Alikanyaga breki, magunia yakasukumana nyuma kwa kishindo, na yule mwenye pikipiki akapita pembeni bila kujua kilichotaka kumpata. Khaemba akajishangaa. Barabara ile aliijua kama uwanja wa nyumba yake.

Alivuka daraja akaanza kupanda. Hapo lori liligoma kabisa kuvuta. Alikanyaga mafuta hadi mwisho na kioo cha pembeni kikaonyesha moshi mweusi umeziba barabara. Kisha akasikia jambo ambalo sauti ya mvua ilikuwa imelificha: mlio wa kupuliza, mzito, ukitokea chini ya miguu yake, na ulizidi kila alipokanyaga. Hewa ya moto ilimpiga kwenye ugoko. Alitazama chini. Mpira unaofunika shina la gia ulikuwa umepasuka, na kwenye ule mpasuko kitu kama mvuke wa kijivu kilikuwa kinapanda. Ndipo aliponusa. Harufu ilikuwepo muda wote, ila pua ilikuwa imeizoea.

Mawazo yalimjia polepole, kama mtu anayeamshwa. Yeye alikuwa mbele, karibu na mlango ambao hata ukifungwa hupitisha upepo. Mama alikuwa nyuma, juu ya injini, na pazia limefungwa.

"Mama," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yake yote kumwita hivyo mama mwenyewe akiwapo. Hakujibiwa. Alisema tena kwa nguvu zaidi, kwamba gari linauliza kama yuko sawa. Nyuma kulikuwa kimya.

Mbele mlima ulikuwa bado mrefu, na nyuma yake kulikuwa na msururu wa magari. Akisimama pale na breki zikakataa, lori zima na shehena yake lingerudi nyuma hadi darajani juu ya watu. Akiendelea hadi juu, kila mzunguko wa injini ungemwagia mama moshi mwingine. Aliteremsha dirisha lake, mvua ikamwingia usoni, akalivuta lori pembeni kadiri lilivyoweza kukaa, akalizima na kuvuta breki ya mkono.

Aliposhuka magoti yalikunjika akaanguka matopeni. Aliinuka kwa kushika tairi. Alichomoa vipande vya mbao alivyoviweka chini ya bodi kwa ajili ya milima, akavikandamiza nyuma ya magurudumu, akavipiga teke vikae sawa. Upande wa pili wa barabara mwanamke mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani. Khaemba alimwita amsaidie kumtoa mama mle ndani. Yule mwanamke aliona mwanamume asiyemjua, aliyelowa matope, anayeyumba na kupiga kelele kando ya lori, akaongeza mwendo.

Basi akapanda mwenyewe. Alifungua milango yote miwili, akashika pazia. Mkono ulikataa. Alisimama hivyo akiwa ameshika kile kitambaa, akimwita tena, akingoja ajibu ili asilazimike, na hakujibiwa. Akakivuta.

Nakhungu alilala ubavu, uso umeelekea ukutani, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Alikuwa ametapika. Khaemba alimgeuza. Hakuwahi kuuona uso ule kwa karibu, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba ulikuwa uso wa Edah, umezeeka tu na macho yamefumba. Alipenyeza mikono chini ya mabega na magoti yake, akamtoa juu ya viti, akashuka naye ngazi za lori kinyumenyume huku akihesabu kila pa kukanyaga, kwa sababu miguu yake mwenyewe hakuiamini.

Alimketisha kwenye nyasi, akamwegemeza kifuani pake, mvua ikiwapiga wote wawili. Mama alikuwa anapumua, lakini kwa kukoroma na kwa kuchelewa. Pikapu ya kubeba maziwa iliyokuwa nyuma ya lori ilisimama. Mwenye pikapu hakuuliza maswali mengi. Walimpandisha nyuma katikati ya mikebe, Khaemba akiwa amemshika, uso wake umeelekezwa kwenye upepo, hadi kituo kimoja cha afya upande wa Misikhu.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sandra. Alimvalisha mama barakoa ya oksijeni, akamuuliza Khaemba kama huyo ni mamake.

"Ni mama mkwe."

Sandra alimtazama, akatazama mikono yake iliyokuwa bado imemshika mgonjwa. Alikuwa mtu wa huko huko na desturi aliijua. Alimpokea mama taratibu, akamwambia Khaemba akae nje karibu na dirisha, atamweleza kila kitu kutoka hapo. Alipomuuliza kama naye yuko sawa, Khaemba alisema yuko sawa.

Alikaa chini ya dirisha akisikiliza ile pumzi. Hakujua angemwambia nini Edah. Hakujua hata angeanzia wapi, kama angeanza na moshi au na mikono yake. Simu ililia, lakini ilikuwa ya Mama Kibe. Alimsikiliza Khaemba hadi mwisho, akauliza hali ya mama, akasema pole mara kadhaa, na alisema kwa moyo. Kisha akasema msagaji anafunga lango jioni na mahindi yamekaa kwenye mvua.

"Si ufungue madirisha tu uende polepole? Kutoka hapo ni Webuye, halafu umefika."

"Mama Kibe, hii gari siendeshi," Khaemba alisema. "Ukitaka funguo nitakupa. Lakini mwenye utampa, nitamwambia kile nimeona."

Mama Kibe akasema atakuja mwenyewe.

Ndani, pumzi ilibadilika. Khaemba alisikia kikohozi, kisha sauti ya mama, nzito, ikiuliza yuko wapi. Sandra alimweleza. Mama akauliza ni nani aliyemtoa kwenye gari.

"Mkwe wako."

Khaemba aliinamisha kichwa kana kwamba anatazamwa. Kisha mama aliomba kitu cha kujifunika kichwa, Sandra akampa leso yake.

Kabla ya giza trekta ililivuta lori hadi uwanja tambarare wa soko la Kamukuywa, na kesho yake asubuhi Dancan akafika kwa pikipiki akiwa na kisanduku cha spana. Dancan ni fundi wa Kanduyi, kijana mzito wa mwili na wa maneno, na Khaemba ndiye aliyemwomba aje. Mama Kibe alikuwa amekwisha fika. Aliwaeleza kwamba fundi wake alisema gari limepona, na akataka ibadilishwe bolti yenye kasoro na lori liende. Mahindi yalikuwa yanapata unyevu, na kila saa ilimuuma.

Dancan hakubishana. Aliazima mashine ya upepo kwa mziba pancha wa hapo sokoni, akaingiza mpira wake kwenye bomba la ekzosi huko nyuma, akaziba pembeni kwa matambara na kuuachia upepo uingie. Injini ilikuwa imezimwa na imepoa. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, moja baada ya jingine, kwa brashi ya rangi. Mahali pa kwanza mapovu yalitoka pale fundi wa Kitale alipopaka gundi. Chini ya ile gundi bolti ilikuwa imekatikia ndani ya kichwa cha injini, na manifoldi ilikuwa imepinda kwa joto. Mahali pa pili palikuwa kwenye maungio ya tabo lenyewe. Dancan alilala chini akapaka na lile bomba lenye mikunjo linalotoka kwenye tabo kupita chini ya kebini. Mapovu yalifoka kama uji unaochemka. Bomba lilikuwa limepasuka upande wa juu, usioonekana, na mpasuko wake ulitazamana na mpira wa gia.

"Yule aliziba penye alisikia kelele," Dancan alisema. "Hii ya chini haina kelele gari ikisimama."

Mama Kibe alikuwa bado anauliza kama hilo bomba haliwezi kufungwa kwa waya hadi Bungoma, wakati Khaemba alipopanda kwenye kebini akalitoa godoro. Alimwita aone. Ukutani, pale godoro linapogusa, kulikuwa na mstari mpana wa masizi. Mama Kibe aligusa kwa kidole, akakitazama kidole chake.

"Mtoto wangu Kibe alilala hapa," alisema. "Tukienda Malakisi, likizo. Alitapika njia yote. Nikasema ni chakula."

Mama Kibe alishuka, akaenda hadi kwenye ukingo wa uwanja na kusimama huko amewapa mgongo. Aliporudi alimwambia Dancan afungue yote, abadilishe yote, na mahindi atatafuta gari jingine la kuyabeba.

Kile kisiki cha bolti ndicho kilichowatoa jasho. Kutoboa kwa drili kungeweza kuharibu kichwa cha injini, na hapo lori lingekuwa chuma chakavu kwa msimu mzima. Dancan alichomelea nati juu ya kisiki, akaacha ipoe kidogo, akaizungusha. Ikakatika. Alichomelea nyingine, nayo ikakatika. Mama Kibe alikuwa amekaa kwenye gunia tupu, hatazami. Mara ya tatu Dancan hakuvuta kwa nguvu. Alisukuma mbele kidogo, akarudisha nyuma kidogo, akatia mafuta, akarudia, uso wake umekunjamana kama wa mtu anayesikilizia jino, hadi chuma kikalia na kuanza kutoka.

Manifoldi ilipelekwa Bungoma kunyooshwa kwa mashine, ikarudi na uso ulionyooka kama kioo. Dancan alitia gasketi mpya za kuziba maungio, hata ya tabo, na bolti mpya zote, si ile moja tu, akazikaza kuanzia za katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu. Bomba la mikunjo likabadilishwa, na mpira wa gia pia. Waliwasha injini hadi ikashika moto, wakaiacha ipoe, wakakaza tena, wakapaka sabuni tena kila mahali. Hapakuwa na hata povu moja.

Ilibaki kupanda mlima. Khaemba alishika usukani na Dancan akakaa kando yake, madirisha yamefungwa makusudi. Walishuka hadi darajani, wakageuza, wakapanda. Viganja vya Khaemba viliteleza kwa jasho. Alikanyaga mafuta na tabo likaanza kulia, mluzi mwembamba uliopanda bila kukatika, na lori likavuta. Hakuuamini. Aliinama kila mara kunusa, hadi Dancan akamwambia atazame barabara. Walipofika juu alisimamisha gari, akashuka, akakaa kwenye nyasi za pembeni. Dancan alimwacha. Alifunua injini akajishughulisha na bolti ambazo hazikuhitaji kuguswa.

Edah alimwambia mumewe kwa simu kwamba kama angemwacha mama yake afe kwa sababu ya desturi, asingemsamehe. Lakini Kanduyi kulikuwa na wazee, na jambo likipita mpaka hivyo haliachwi hewani. Jumapili moja Khaemba aliitwa. Alikaa kwenye kiti nje ya nyumba ya wakwe, pamoja na wazee wawili wa ukoo na baba mkwe aliyekuwa amejifunika koti. Nakhungu alikuwa ndani, karibu na mlango uliorudishwa nusu.

Mzee mmoja alieleza kwa urefu kile kilichovunjwa na namna kinavyotengenezwa. Khaemba alikubali kila neno. Alikuwa amekuja na blanketi jipya, naye baba mkwe alikuwa ameshikisha kuku wa kumpa. Lakini kabla vitu hivyo havijapeanwa, sauti ilitoka mlangoni.

"Mkimaliza kumwambia makosa yake, na mimi niseme," Nakhungu alisema. "Nilikuwa nimelala nimekufa. Huyu angekuwa mtu wa kuogopa maneno, leo mngekuwa mmekaa hapa kwa matanga yangu. Chukueni hiyo blanketi, sawa, ni desturi na mimi naipenda. Lakini mtu asimfanye aone haya."

Wazee walitazamana. Blanketi likaingia ndani, kuku akatoka, na yule mzee akasema kuanzia hapo wawili hao wanaweza kusalimiana kwa mdomo, kila mtu akiwa mahali pake. Ikaombwa sala, chai ikaletwa. Khaemba alipewa yake pale pale kwenye kiti chake.

Wazee walipokuwa wamezama kwenye habari za bei ya mahindi, mlango ulisogea kidogo.

"Khaemba," mama alisema. "Na wewe ulikuwa kwa huo moshi. Kichwa chako kilipona?"

Sandra, Mama Kibe, Edah, Dancan, wote alikuwa amewaambia yuko sawa. Aliweka kikombe chini.

"Bado kinauma, Mama," alisema. "Na usiku sipati usingizi."

"Basi kesho uende kwa daktari," Nakhungu alisema. "Kesho asubuhi. Nitampigia Edah nimuulize kama ulienda."